Injini ya Trekta Ikipanda na Kushuka: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kufungua Pampu

Mvua za masika zinapokaribia mwezi Machi, kila trekta linalowaka katika Kaunti ya Busia huwa na foleni ya wakulima. Kutoka Malaba na Amagoro hadi Nambale, Butula, Funyula na Bunyala, wakulima wengi wadogo hawana trekta lao. Hukodi la jirani na kulipa kwa ekari. Mengi ya matrekta hayo ni ya zamani: Massey Ferguson 135, 240 na 290, au Ford 5000 na 6610. Baadhi yana umri mkubwa kuliko madereva wanaoyaendesha, na bado yanafanya kazi.

Ugonjwa mmoja unaoyasumbua sana ni injini kukosa mwendo mmoja. Dereva anaweka mkono wa mafuta mahali pamoja, lakini sauti inapanda, inashuka, inapanda tena. Wakati mwingine injini inalegea katikati ya shamba kana kwamba itazima, kisha inapata nguvu ghafla. Wengi hukimbilia kusema, "Pampu imekufa." Pampu inafunguliwa chini ya mwembe, skrubu zinazungushwa, na trekta linalala wiki mbili huku msimu ukipita.

Mara nyingi pampu haina kosa lolote. Kinachokosekana ni dizeli safi, isiyo na hewa wala maji, inayofika kwa wingi unaotakiwa. Mwenye trekta akikagua kwa mpangilio, akianza na vitu vya bei nafuu, anaweza kupata chanzo kwa muda wa asubuhi moja.

Kwa nini mwendo hubadilika

Watu wengi hudhani kwamba mkono wa mafuta wa trekta hupima kiasi cha dizeli kinachoingia kwenye injini. Katika trekta la dizeli, mkono huo huchagua mwendo. Kazi ya kuongeza au kupunguza dizeli hufanywa na kifaa kilicho ndani ya pampu, ambacho mafundi hukiita gavana. Jembe la diski likiingia kwenye udongo mzito mweusi wa Bunyala, injini hutaka kupunguza mwendo. Gavana huhisi hilo na kuongeza dizeli. Jembe likiinuliwa mwisho wa mstari, gavana hupunguza dizeli ili injini isipae.

Wazo hilo ni la kale. James Watt alilitumia kwenye injini za mvuke mwaka 1788, kwa vyuma viwili vinavyozunguka na kutanuka kadiri mwendo unavyoongezeka. Baadhi ya pampu za matrekta zina vyuma vya namna hiyo hadi leo. Nyingine hutumia presha ya dizeli yenyewe kuhisi mwendo, na hizo huvurugika upesi zaidi hewa ikiingia.

Kwa hiyo injini inayopanda na kushuka inaeleza moja kati ya mambo matatu. La kwanza, gavana inaagiza dizeli lakini dizeli haifiki sawasawa. La pili, vyuma vinavyounganisha mkono wa mafuta na pampu vimelegea au vinakwama. La tatu, gavana yenyewe imechakaa au imekwama. Ukaguzi hufuata mpangilio huo huo.

Kabla ya kugusa chochote

Trekta lisimamishwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, jembe lishushwe chini, na mhimili wa nyuma unaozungusha mashine, yaani PTO, uzimwe. Watoto wakae mbali. Anayekagua asivae leso, koti wala shati lililolegea karibu na feni na mkanda. Injini isiwashwe ndani ya kibanda kilichofungwa, kwa kuwa moshi wa eksosi huua. Sigara na moto viwe mbali na dizeli.

Hatua ya kwanza: kusikiliza

Dakika chache za kusikiliza huokoa pesa nyingi. Dereva aendeshe injini bila mzigo, kisha akiwa na mzigo, na aangalie lini tatizo linajitokeza.

• Injini inapanda na kushuka kwa mpigo unaofanana ikiwa haina mzigo, kisha inatulia ikipewa kazi: shaka ni hewa kidogo kwenye dizeli, vyuma vya mkono wa mafuta, au gavana.

• Injini iko sawa bila mzigo lakini inalegea ikilima: shaka ni dizeli kutofika ya kutosha. Filta, tundu la hewa la tangi na chujio ndogo ndivyo vya kukaguliwa.

• Injini inatetemeka kwa namna moja wakati wote, kana kwamba mguu mmoja unachechemea: huenda silinda moja haichomi vizuri. Shaka ni nozeli au bomba lake.

• Injini inalegea na kutoa moshi mweusi mwingi: shaka ni chujio ya hewa iliyoziba.

• Injini inapanda mwendo yenyewe na haitaki kushuka: hiyo ni hatari na imeelezwa hapa chini.

Hatua ya pili: tangi na kifuniko chake

Dizeli inapotoka kwenye tangi, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana kifuniko cha tangi kina tundu dogo. Tundu hilo likizibwa na vumbi, matope au nyigu waliojenga humo, tangi huanza kuvuta kwa ndani na dizeli hukataa kuteremka. Hali huwa mbaya zaidi pale kifuniko kilipopotea na mdomo wa tangi ukafungwa kwa mfuko wa plastiki na mpira wa tyubu.

Kipimo chake hakigharimu senti. Injini inapoanza kulegea, kifuniko kifunguliwe kidogo. Ikisikika sauti ya hewa ikivutwa na injini ikapata nguvu baada ya muda mfupi, ugonjwa umepatikana. Kifuniko kioshwe na tundu lizibuliwe, au kinunuliwe kingine kinacholifaa trekta hilo.

Hatua ya tatu: dizeli yenyewe

Hapa ndipo Busia na Malaba zina shida zao. Bei za mafuta za Kenya na Uganda zinapotofautiana, mitungi ya plastiki huanza kuvuka mpaka kwa njia za panya. Kando ya barabara ya malori pia hupatikana dizeli ya rejareja ambayo hakuna ajuaye ilitoka kwenye tangi gani. Hata dizeli nzuri ya kituo huharibika ikibebwa kwenye mtungi uliokuwa na maji, au ikiachwa wazi ghalani.

Maji ni mazito kuliko dizeli. Lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja, na lita moja ya dizeli ni takriban kilo 0.84. Kwa hiyo maji hutua chini ya tangi, mahali ambapo bomba linachukua mafuta. Mkulima anaweza kuyaona kwa macho: achukue dizeli kutoka sehemu ya chini ya tangi au ya filta, aijaze kwenye chupa safi ya kioo, na aiache itulie kwa saa kadhaa. Maji yakiwemo, mstari utaonekana, na uchafu utalala chini. Tangi likiwa na maji, nati ya chini ifunguliwe ili yatoke, na kikombe cha filta kimwagwe hadi dizeli safi ionekane.

Mafuta taa yaliyochanganywa na dizeli hayaonekani kwenye chupa. Uchanganyaji huo ulikuwa umeenea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ya kitaifa iliweka ada ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa yanayoingizwa nchini, ili kupunguza pengo la bei lililowavutia wachanganyaji. Hasara ya mwenye trekta ni kubwa kuliko anachookoa. Pampu ya mzunguko aina ya CAV, inayopatikana kwenye matrekta mengi ya zamani ya Massey Ferguson, haina oili yake. Hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Mafuta taa ni mepesi na hayalainishi vizuri, na maji hayalainishi kabisa. Kila mtungi wa mafuta mabovu husaga vyuma vya ndani ambavyo gharama yake ni mara nyingi ya bei ya mtungi huo.

Ushauri ni kununua dizeli kwenye kituo chenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, kuomba risiti, na kuibeba kwenye chombo kinachotumiwa kwa dizeli peke yake. Tangi lijazwe jioni baada ya kazi, maana tangi tupu hukusanya unyevu wa usiku na kuugeuza maji.

Hatua ya nne: filta

Filta iliyoziba hupitisha dizeli ya kutosha injini isiyo na mzigo, lakini hushindwa kazi ikianza. Ndiyo sababu trekta huunguruma vizuri nyumbani na kulegea shambani. Filta hubadilishwa kwa kufuata saa zilizoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji, na mapema zaidi kama dizeli imekuwa chafu.

Mazoea mawili yaachwe. Filta ya karatasi haioshwi kwa petroli ikarudishwa, na haitobolewi kwa msumari ili "ipumue". Ikitobolewa, uchafu wote hupita moja kwa moja hadi kwenye pampu na nozeli.

Filta mpya ikinunuliwa, mipira yake yote ibadilishwe pamoja nayo. Mpira wa zamani uliokauka au uliokaa upande ni mlango wa hewa. Trekta nyingi huanza kupanda na kushuka siku ile ile filta ilipobadilishwa, na mwenye trekta hulaumu filta mpya kuwa bandia kumbe mpira mmoja ulisahauliwa. Anayekwenda dukani abebe filta ya zamani ili zilinganishwe kwa urefu, mdomo na mipira.

Hatua ya tano: hewa kwenye dizeli

Dizeli haibanwi ikapungua, lakini hewa hubanwa. Povu dogo likifika kwenye pampu, silinda moja hukosa dizeli kwa mpigo mmoja, injini hushuka, gavana huongeza dizeli, injini huruka juu, na mzunguko huanza upya.

Kati ya tangi na pampu ndogo inayovuta dizeli, bomba lililopasuka linaweza lisivujishe hata tone injini ikiwa inawaka. Badala ya kutoa dizeli nje, huvuta hewa ndani. Kwa hiyo ukavu wa bomba hauthibitishi kwamba ni zima. Viungo vyote vikaguliwe: nati zikazwe kwa spana inayofaa, washa za shaba zilizobanika zibadilishwe, na mpira uliopasuka ukatwe au ununuliwe mwingine. Njia nzuri ya kuona hewa ni kuweka kwa muda kipande cha bomba la plastiki linaloonyesha ndani, lile linalostahimili dizeli, kati ya tangi na pampu ndogo. Mapovu yakipita, hewa inaingilia kabla ya hapo.

Baada ya kuziba uvujaji, hewa iliyobaki hutolewa hivi:

1. Tangi lijazwe vya kutosha na koki yake ifunguliwe.

2. Skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya filta ilegezwe. Mkono mdogo wa pampu ya kuvuta dizeli upigwe kwa kidole hadi dizeli itoke bila povu, kisha skrubu ikazwe wakati dizeli bado inatoka. Mkono huo ukiwa mlegevu na hausukumi kitu, injini izungushwe kidogo kwa stata, kwa kuwa huenda chuma cha ndani kimeushikilia.

3. Skrubu za kutolea hewa zilizo kwenye pampu kubwa zilegezwe kwa kufuata mpangilio wa kitabu, kwanza ya chini na kisha ya juu, na kukazwa kwa njia hiyo hiyo.

4. Injini iwashwe na iachwe izunguke kwa dakika chache bila mzigo.

Injini ikikataa kuwaka baada ya hapo, hewa imefika kwenye mabomba ya nozeli. Kazi hiyo aachiwe fundi. Dizeli inayotoka kwenye nozeli ina presha zaidi ya mara 100 ya hewa ya kawaida, na inaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini. Uvujaji wa hapo hautafutwi kwa mkono kamwe. Mtu aliyepigwa na dizeli ya namna hiyo apelekwe hospitalini mara moja, hata kama jeraha linaonekana dogo kama la sindano.

Hatua ya sita: pampu ndogo na oili

Pampu ndogo ina ngozi ya mpira ndani yake. Ikipasuka, dizeli inaweza kuteremka hadi kwenye oili ya injini. Dalili yake ni oili kuongezeka bila kuongezwa, kuwa nyepesi na kunuka dizeli. Trekta la namna hiyo lisiendeshwe. Oili iliyochanganyika hushindwa kulinda vyuma, na ikijaa kupita kiasi inaweza kuvutwa na injini na kuchomwa kama mafuta.

Hatua ya saba: mkono wa mafuta na vyuma vyake

Ikiwa dizeli ni safi na haina hewa, macho yahamie kwenye vyuma vinavyotoka kwenye mkono wa mafuta hadi kwenye pampu. Baada ya miaka 40, pini huliwa, matundu hupanuka na springi hukatika. Kila trekta likiruka tuta, mtikisiko huvuta mkono wa pampu.

Kipimo chake ni rahisi. Injini ikiwa inazunguka bila mzigo, mtu mwangalifu ashike kwa mkono kile chuma kidogo kilicho kwenye pampu na akitulize mahali pamoja, mbali na feni. Mwendo ukitulia, kosa liko kwenye vyuma vya nje. Pini na springi mpya zitatosha. Kipande cha tyubu kilichofungwa badala ya springi hulegea na kurudisha tatizo.

Hatua ya mwisho: pampu kubwa

Ni baada ya yote haya ndipo pampu kubwa hushukiwa. Skrubu ya mwendo wa chini inaweza kurekebishwa kidogo kama kitabu kinavyoeleza. Skrubu ya mwendo wa juu, ambayo hufungwa kwa waya na muhuri, isiguswe. Ikilegezwa, injini inaweza kuzidi mwendo iliyoundiwa na kujivunja. Mashine inayozungushwa na PTO, kama ya kupukuchua mahindi, nayo itazidi mwendo. Mashine nyingi za namna hiyo zimeundwa kwa mizunguko 540 kwa dakika, na zikizidishwa zinaweza kurusha vyuma.

Pampu haifunguliwi shambani. Vyuma vyake vimekaribiana kiasi kwamba punje ya mchanga inatosha kuviharibu. Hupelekwa kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kuipimia, kama wanaopatikana katika miji mikubwa ya Kisumu na Eldoret. Mwenye trekta aombe kuonyeshwa vipimo vya kabla na baada ya kazi, na arudishiwe vyuma vilivyotolewa.

Injini ikipaa yenyewe

Chujio ya hewa ya matrekta ya zamani huwa na bakuli la oili. Ikijazwa kupita alama, injini huivuta oili hiyo na kuichoma, na mwendo hupanda hata dizeli ikikatwa. Dereva avute kizimio mara moja. Kikikosa kufanya kazi, mdomo wa kuingiza hewa uzibwe kwa ubao bapa. Usizibwe kwa mkono wala kitambaa. Kama trekta liko kwenye gia kubwa na breki imekanyagwa kwa nguvu, kuachilia klachi kunaweza pia kuizima. Watu wote wasogee mbali.

Wakati mzuri wa kukagua

Kazi hii ifanywe Januari na Februari, kabla ya jembe la kwanza, na irudiwe kabla ya mvua za vuli. Kila trekta liwe na daftari lenye tarehe ya kubadilisha filta, mahali dizeli iliponunuliwa na saa za kazi. Fundi akifika, kurasa mbili za daftari humweleza mengi ambayo angeyatafuta kwa spana.

Chini ya Katiba ya 2010 kilimo ni jukumu la kaunti, na maafisa wa kilimo wa wadi ndio wa kwanza kuulizwa kuhusu maandalizi ya msimu. Wakulima wanaokodi trekta nao wana haki ya kusikiliza injini kabla ya kulipa. Ikiwa inapanda na kushuka ikiwa bado imesimama barabarani, ni afadhali mwenyewe aombwe kukagua kifuniko cha tangi, filta na dizeli kwanza, kabla trekta halijakwama katikati ya ekari na mbegu zikisubiri.